Wakristo wachache waliorudi nyumbani baada ya vita: tupeane uzoefu wa kuishi tena na majirani

Mwenye uzi, Nakuru

Wadau habari zenu. Nimekuwa nikifuatilia sana maneno ya Wakristo wa Iraq, wale wa jiji la Mosul na wa Qaraqosh, mji wa Wakristo ulio karibu nalo, na yamenigusa juu sisi wa huku Nakuru tunajua kukimbia nyumba ni nini. Kwa wenye hawajui, Mosul ilianguka mikononi mwa wapiganaji wa ISIS Juni 2014, kufika Julai Wakristo wakaambiwa wachague, wasilimu, walipe kodi, watoke ama wauawe, na nyumba zao zikachorwa herufi ya Kiarabu nuni ukutani kuonyesha hapa ni kwa Mnasara. Usiku wa Agosti 6 kuamkia 7 Qaraqosh ikabaki tupu, na ukihesabu vijiji vya uwanda mzima wa Ninawi ni watu zaidi ya laki moja walitoka na nguo walizovaa wakielekea upande wa Erbil. Ninawi ile ile ya Yona jameni, mahali Ukristo uko tangu karne za kwanza.

Qaraqosh ilikombolewa Oktoba 2016 na karibu nusu ya watu wamerudi, na wamerudi kukaa na majirani wenye bado wanaogopana. Papa Francis alipoenda huko Machi 7, 2021, mama mmoja alisimama kanisani akasimulia vile kombora lilimuua mtoto wake asubuhi ya ile Agosti 6, na kwamba vifo vya hiyo asubuhi ndivyo viliamsha mji mzima watu wakatoroka wakapona. Alafu akasema anawasamehe waliofanya hivyo. Mimi sijaweza kuitoa kwa kichwa.

Naamini watu hawarudi juu serikali imetangaza amani, wanarudi wakisikia kuna jirani kule amesema rudini. Kama uko na uzoefu wa kuishi wachache mahali, ama wa kurudi baada ya kufukuzwa, tafadhali tuandikie, hata kama ni mistari miwili.

Dada wa Kakamega

Asante kwa kuleta hii maneno. Nilifanya kazi ya nyumbani Erbil na Jumapili nikipewa ruhusa nilikuwa naenda misa Ankawa, huo ni mtaa wa Wakristo hapo Erbil, na ndipo wengi wa Qaraqosh walikimbilia 2014, wakalala kwa bustani za makanisa, kwa majengo hayajaisha, kwa madarasa. Nilizoeana na nyanya mmoja wa Qaraqosh, hakujua Kiingereza na mimi Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni, lakini alikuwa ananishika mkono tunakaa pamoja. Misa ilikuwa kwa lugha yao, ile ya ukoo mmoja na lugha Yesu aliongea, sikuelewa neno lakini Baba Yetu unaijua tu ikifika.

Mwaka 2019 familia yake ilinibeba twende Qaraqosh Jumapili ya Matawi. Huko hawabebi makuti kama sisi, wanabeba matawi ya mizeituni, mji wote unatembea na kuimba, watoto wamevaa meupe. Lakini kanisa lao kubwa la Al-Tahira ndani lilikuwa bado jeusi kwa moshi, nguzo nyeusi, dari nyeusi, na ule uwanja wake ISIS walikuwa wameufanya mahali pa kujifunza kupiga risasi. Nyanya alinionyesha ukuta wenye matundu, akaweka kidole kwa moja, kidole kikaingia chote. Watu walikuwa wanasali hapo hapo kwa hiyo weusi, hawakungoja lipakwe rangi kwanza. Papa alipokuja ndio lilikuwa limeshatengenezwa.

Watoto wawili wa huyo nyanya walikuwa wameshaenda Australia na hawarudi. Sitaki niwadanganye hapa, wengi bado wanaondoka, wanasema bunduki ziko nyingi barabarani na kila kizuizi kiko na wenyewe.

Mama wa chama, Molo

Mimi ni wa 2008, zile vurugu za baada ya uchaguzi. Tulikaa Showground ya Nakuru na watoto, mvua yetu, vumbi letu, kisha Mei ikaja Operesheni Rudi Nyumbani tukaambiwa shilingi elfu kumi ya kuanzia na elfu ishirini na tano kwa mwenye nyumba yake ilichomwa, panda lori. Wengi walikataa kupanda. Unarudi kwa nani? Mwenye uzi amesema ukweli kabisa, mimi nilirudi juu ya simu ya jirani. Si wa kabila letu. Alinipigia akasema mama fulani, mvua imeanza, nimekulimia kipande cha mbele, kuja upande mahindi usichelewe. Hakusema pole, hakusema amani, alisema mahindi. Nikaenda.

Sasa kuishi ndio kazi. Wamama wa kanisa letu na wa kanisa lao tulianzisha chama, tunazungushana nyumba, mwezi huu kwa huyu wa huku, mwezi ujao kwa yule wa ule upande. Wacha niwaambie, mara ya kwanza chai ilimiminwa na hakuna mtu aliinua kikombe. Tulikaa tu tukiangalia, kila mtu na roho yake. Mwenye nyumba akaelewa, akachukua kikombe cha aliyekuwa karibu naye akakinywa mbele yetu, akajaza kingine, ndio tukakunywa. Leo tunanunuliana mabati na tukizikana tunazikana wote. Lakini miaka ya uchaguzi bado nalala na viatu karibu na mlango, siwezi sema uongo.

Mwalimu wa Vihiga

Nilifundisha Garissa, na huko ndiko nilijua kuwa Mkristo wa wachache maana yake nini, juu hapa kwetu kila kona ni kanisa hata huwazi. Nilifika baada ya makanisa mawili kushambuliwa siku moja, Julai 1, 2012, watu 17 wakafa, na mashehe na wazee wa Kiislamu wakakubaliana vijana wao walinde makanisa Jumapili. Fikirieni hiyo. Unaenda ibada na anayekusalimia njiani kuelekea langoni ni kijana Mwislamu, na anajua hao washambuliaji wakirudi wataanza na yeye.

Alafu Aprili 2, 2015 likaja lile shambulio la chuo kikuu cha Garissa, wakauawa watu 148, wengi watoto wa kutoka huku kwetu. Walimu wengi tuliondoka. Mwenye nyumba wangu, mzee wa Kisomali, alinifungia vitu vyangu chumbani, godoro, jiko, vitabu, na hakumpangisha mtu. Niliporudi alikuwa amelipa hata mlinzi. Kodi ya hiyo miezi alikataa kabisa kupokea.

Na tusisahau mwalimu Salah Farah, kwenye basi la Mandera Desemba 2015 karibu na El Wak, wakati Al-Shabaab walitaka abiria wajitenge Waislamu na Wakristo, abiria Waislamu wakakataa, wamama wakawapa Wakristo mitandio wajifunike. Yeye alipigwa risasi akafa Januari iliyofuata. Mimi nikisikia mtu kanisani akisema hawa watu wote ni wamoja, nasimama namtaja Salah kwa jina.

Kijana wa Burnt Forest

Nawaheshimu wote lakini msamaha bila shamba kurudi ni mzigo kwa aliyeumizwa peke yake. Sisi mpaka leo kuna mtu analima kwetu. Kule Mosul pia nilisoma nyumba za Wakristo ziliuzwa kwa karatasi za uongo, mwenyewe anarudi anapata mtu ndani na taito mkononi. Huyo utamwambia nini?

Jirani wa Kaloleni, Kisumu

Kijana uko sawa, na mimi Mwislamu naunga mkono. Sisi hapa Kisumu ndio wachache, na 2008 walionificha na familia ni Wakristo, kwa hivyo najua pande zote mbili. Kule Mosul vijana wa Kiislamu walijitolea wakatoa kifusi makanisani kwa mikono, na Desemba 2020 bunge la Iraq likafanya Krismasi sikukuu ya nchi nzima. Hayo ni mema, lakini nyumba ya mtu nayo irudishwe, dini yetu wenyewe inakataza kukalia mali ya jirani.

Mama wa chama, Molo

Burnt Forest, huyo anayelima kwenu mnajuana? Uko na wazee wa huko mnaongea nao? Niandikie kando, kwetu kesi mbili zilienda kwa wazee na pasta wa pande zote, moja imeisha na ile nyingine tunakaa tena mwezi ujao.