Mjadala: Mwanafunzi wa miaka 16 akichoma bweni, ahukumiwe kama mtu mzima?

Mzee wa Lanet (Nakuru):
Kwenye mkutano wa wazazi wa shule moja ya bweni, mshauri wa wanafunzi alisimama akatuomba tusiwakalie ngumu vijana waliokamatwa na petroli, eti ubongo wa mtoto haukomai hadi miaka 25. Nusu ya ukumbi ikapiga makofi. Mimi sikupiga. Shule ya Kyanguli ilipochomwa mwaka 2001, walikufa wavulana 67. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilichomwa kwa miezi michache tu. Sheria inasema anayechoma jengo makusudi anaweza kufungwa maisha, sasa huyu wa kidato cha tatu anaponea wapi? Na hiyo sayansi ya ubongo ni ya vijana wa Marekani. Nileteeni ya kwetu.

Nyar Maseno (Kisumu):
Ya kwetu ipo, mzee. Mwaka 2019 watafiti wa saikolojia Grace Icenogle, Laurence Steinberg na wenzao walitoa matokeo ya watu zaidi ya 5,000, wa miaka 10 hadi 30, kutoka nchi 11. Kenya imo, na Wakenya waliopimwa walitoka hapa Kisumu.

Walipima mambo mawili mbalimbali. La kwanza ni kufikiri mtu akiwa ametulia: kukumbuka, kupangilia, kupima hatua. Hapo kijana anamfikia mtu mzima akiwa na miaka 16 hivi. La pili ni kujizuia: kutofuata hamaki, kutokimbilia msisimko, kuangalia kesho. Hilo liliendelea kupanda hata baada ya miaka 18. Sehemu za ubongo zinazoitikia raha na sifa huchachamaa balehe inapoanza, ilhali sehemu ya mbele, ambayo ndiyo breki, huchelewa kukomaa kwa miaka kadhaa.

Tena kuna suala la wenzao. Mwaka 2005 Margo Gardner na Steinberg waliwachezesha watu mchezo wa gari kwenye kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 wakiwa peke yao hawakupishana sana na watu wazima. Walipowekwa na wenzao wakitazama, walijitosa kwenye hatari mara nyingi zaidi. Watu wazima hawakubadilika, watazamwe wasitazamwe. Sasa niambie, bweni la wavulana themanini saa sita usiku, nani pale hatazamwi?

Mwalimu wa Zamu (Bungoma):
Dada, umemshindia mzee kesi yake bila kujua. Utafiti wako unasema mtoto wa 16 akitulia anafikiri kama mimi. Haya. Petroli haiingii shuleni kwa hamaki. Inanunuliwa Jumanne, inapitishwa kwenye ua na mtu wa boda, inafichwa siku tatu, halafu wanangoja zamu ya mwalimu asiyezunguka usiku. Hapo breki imekosekana wapi? Nimelala shuleni miaka mingi na ninazijua aina mbili za fujo. Kuna ile inayolipuka taa zikizimwa ghafla wakati wa mpira: mayowe, mawe, vioo, kisha asubuhi wanalia. Hiyo naweza kuuachia ubongo. Ya petroli siiachii.

Mama Pacha (Kakamega):
Na madirisha je? Mwongozo wa usalama shuleni wa 2008 unakataza vyuma kwenye madirisha ya mabweni na unataka milango ifunguke kwa nje. Nendeni mkahesabu shule zinazotii. Wakubwa waliopitisha vyuma hivyo ubongo wao ulishakomaa zamani.

Wakili wa Milimani (Kisumu):
Tusizozane juu ya sheria ambayo hatujaisoma. Zamani mtoto wa miaka 8 angeweza kushtakiwa. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri huo hadi 12, na wa chini ya 14 huchukuliwa kwamba hajui uzito wa tendo mpaka mahakama iridhike vinginevyo. Huyu wa 16 anashtakiwa, asiwadanganye mtu. Asichopewa ni kifungo cha gereza. Mvulana wa miaka 15 hadi 17 anaweza kupelekwa taasisi ya borstal, yaani ya kurekebisha vijana waliokosa, kama ile ya Shikusa pale Kakamega, hadi miaka mitatu. Anayesema sheria inawaachilia tu, ajaribu kumpeleka wake Shikusa wiki moja.

Marekani nako, mwaka 2005, Mahakama ya Juu ilifuta hukumu ya kifo kwa waliokosa kabla ya miaka 18, na hoja za ukomavu zilitajwa. Lakini haikusema hawana hatia.

Mzee wa Lanet:
Miaka mitatu kwa roho za watu? Mwalimu amenena, wakili hajanishawishi.

Nyar Maseno:
Mwalimu, ya petroli nakubali nusu. Aliyeinunua alipanga. Lakini polisi huwa wanabeba wangapi? Kumi na watano, ishirini. Wengi walishika blanketi au walipiga mlango kwa kuwa wote walipiga. Hao ndio mchezo wa gari unawahusu.

Na mshauri wenu alikosea kwa ile 25. Hakuna siku ambayo ubongo unahitimu. Tafiti hizi zinatoa wastani wa maelfu ya watu, na hakuna picha ya ubongo inayoweza kumwonyesha hakimu kama fulani, usiku ule, alishindwa kujizuia au hakutaka.

Mwalimu wa Zamu:
Basi kazi inabaki kwa uchunguzi, na uchunguzi shuleni kwetu ni kupanga mstari na kuuliza nani ananuka petroli.

Mzee wa Lanet:
Bodi inakutana Jumamosi. Nitadai orodha mbili: walionunua na kuficha, waende kortini; waliofuata mkumbo, wasimamishwe na warudi na wazazi. Hapo ndipo nitakaposogea, zaidi ya hapo hapana.

Mama Pacha:
Ongeza ya tatu, mzee: wasiohusika. Mwaka jana nililipa fidia ya bweni kama wazazi wote, sawa kwa sawa, na kijana wangu usiku huo alikuwa amelazwa na malaria. Risiti ninayo. Hiyo nayo ni sayansi gani?