Tupeane uzoefu: Uarabuni pasipoti yako alikaa nayo nani, na uliipataje?

Binti Pangani:
Habari zenu. Nani alipigwa, nani alinyimwa mshahara, hayo tumeyasikia hadi tumeyazoea, na hapo ndipo pabaya. Leo nauliza kitu kimoja tu: pasipoti.

Yangu ilichukuliwa Maskati, hata sijatoka kwenye maegesho ya uwanja wa ndege. Dereva wa wakala alinyoosha mkono, nikampa, nikidhani ni ya kwenda kugongwa muhuri. Nilikuja kuiona baada ya miezi saba, napanga mashuka chumbani kwa madam: iko kwenye droo, imebanwa chini ya kopo la udi. Nikaishika, nikaifungua, nikaitazama picha yangu, nikairudisha vilevile. Jamani, kitu changu mwenyewe nakishika kama mwizi!

Aliyenitoa ni bibi mzaa madam. Kazaliwa Unguja, waliondoka 1964 yeye bado msichana, na Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Usiku mmoja namkanda miguu nikamwambia. Akanyamaza. Asubuhi kwenye kahawa akamgeukia binti yake, kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Mrudishie mtoto wa watu chake." Kwisha. Nilimshukuru sana, ila nikawa najiuliza, nyumba isiyo na bibi inakuwaje?

Mkisauni:
Yangu ya Riyadh haikuwa na bibi, dadangu. Madam aliniambia "nimekununua", akataja na bei aliyompa ajenti. Mshahara wa miezi mitano sikuuona. Machi 2021 dereva wa nyumba ya pili, Mpakistani, alinijia langoni anacheka: sheria mpya, sasa mtu aweza kuhama mwajiri na hata kutoka nchini bila ruhusa ya kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini. Nililia kwa furaha. Kumbe wa majumbani hatumo, na dereva mwenyewe hamo!

Nilipotoka na nguo niliyovaa, madam akaniripoti huruub, yaani mtoro. Nikawa mimi ndiye mwenye kosa. Nyumbani nilirudi na karatasi ya safari moja. Pasipoti mpaka leo iko Riyadh.

Mlinzi wa Doha:
Sisi tulisaini ndani ya basi, watu kumi na wanne. Karatasi upande huu Kiarabu, upande huu Kiingereza, injini inanguruma, msimamizi anasema haraka haraka. Baadaye ndiyo nikaelewa: sheria ya Qatar ya 2015 inaruhusu mwajiri kutunza pasipoti pale tu mwenyewe anapoomba kwa maandishi. Kwa hiyo tuliomba sisi!

Nikaandika ombi la pili, la kurudishiwa, nikalipiga picha kabla sijalikabidhi ofisini. Siku ya tatu nikaitwa kuchukua. Wenzangu tisa wakafuata, wanne wakaogopa.

Kiti Kirefu:
Si mlijua huko kukoje? Hakuna aliyewafunga kamba.

Binti Pangani:
Kaka yangu, kwenda nilienda mwenyewe. Pasipoti sikuiuza. Mkataba wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, namba 189, wa 2011, unasema mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kukaa na hati zake. Haujaandika "isipokuwa kama alijua".

Wa Magomeni:
Mimi Uarabuni sijafika, ila nina langu na si zuri. Nyumbani kwetu Dar tulikuwa na dada wa kazi, Mrundi. Mama, Mungu amrehemu, alimwekea karangamuntu yake, kitambulisho cha kwao Burundi, "asije akapotea mjini". Simu aliipata Jumapili jioni, nusu saa. Sisi watoto tuliona ndiyo malezi. Siku moja tukaamka hayupo, mama akasema hana shukrani, tukaitikia.

Mwaka jana tunagawana vitu vya marehemu, kwenye kabati nikakuta bahasha ya kaki. Stakabadhi za maji, kadi zetu za kliniki, na kile kitambulisho. Kumbe aliondoka bila karatasi yoyote mkononi. Sijui mpakani alipitaje.

Binti Pangani:
Namba yake mnayo?

Wa Magomeni:
Hatuna. Tulimwita Dada tu. Jina lake nimelijulia hapo, kwenye hiyo kadi.