Ukitua nchi ya kigeni: romingi, laini ya uwanjani au eSIM?

MgeniNjiani
Ndugu zangu, salamu. Wiki ijayo ninasafiri kwenda nje ya nchi, na ni mara yangu ya kwanza kwenda peke yangu. Ndege inatua usiku, na tangu hapo nitahitaji ramani, programu ya kuitia usafiri, na njia ya kuwasiliana na mwenyeji wangu. Nina njia tatu na nimeshindwa kuamua: kuwasha huduma ya romingi (kutumia mitandao ya huko) kwenye laini ninayoitumia kila siku, kununua laini ya nchi ile kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, au kununua eSIM, ile laini isiyo na kadi inayosakinishwa ndani ya simu, mtandaoni kabla sijaondoka. Waliozitumia wanisaidie: ipi ina unafuu, na ipi ina usumbufu mdogo?

FundiLaini
Ndugu mleta mada, swali ni zuri, lakini umeacha yote yanayohitajika ili lijibiwe. Unakwenda nchi gani, utakaa muda gani, simu yako ni ya aina gani, na je, unahitaji namba ya huko ili upigiwe, au unataka intaneti tu? Kwa kuanzia, fungua sehemu ya kupigia simu na uandike *#06#. Itatokea IMEI, ile namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha simu yako, na kama simu yako inapokea eSIM, kwa kawaida utaona pia namba ndefu ya tarakimu 32 iitwayo EID. Usipoiona, usikimbilie kununua eSIM. Wala usitegemee jina la simu peke yake, kwa sababu iPhone 14 zilizouzwa Marekani tangu mwaka 2022 hazina kabisa nafasi ya kadi, ilhali iPhone nyingi zilizotengenezwa kwa soko la China bara zina nafasi mbili za kadi na hazina eSIM.

DadaRatiba
Mimi ni mtu wa eSIM na sioni sababu ya mtu kupanga foleni na mabegi usiku wakati jambo hili linamalizika sebuleni kwake. Unanunua, unapiga picha ule msimbo wa QR ukiwa kwenye intaneti ya uhakika, unaisakinisha, na ukitua unaiwasha tu. Kuna mambo mawili ambayo wauzaji huyaandika kwa herufi ndogo. La kwanza, eSIM nyingi za wasafiri zenyewe hufanya kazi kwa romingi, kwa hiyo ni lazima uruhusu romingi ya data kwenye laini hiyo ya eSIM, na uizime kwenye laini ya nyumbani. Watu wengi huzima zote kwa hofu, kisha hulalamika kwamba wameuziwa hewa. La pili, baadhi ya simu zina mpangilio unaoruhusu data kuhamia laini nyingine pale mtandao unapodhoofika, nao uuzime. Halafu usiifute eSIM eti uisakinishe upya ikisumbua, maana misimbo mingi hutumika mara moja tu.

MzeeWaMabegi
Dada yangu DadaRatiba anasifia kilicho chepesi, ila hajasema kinachokosekana. eSIM nyingi za wasafiri ni za data tupu na hazina namba ya simu. Dereva uliyemwita anasimama upande wa pili wa jengo, anakupigia, hakupati, anaondoka. Huduma nyingi za ndani, kuanzia za kuita usafiri hadi za malipo, hukutaka uthibitishe kwa namba ya nchi ile. Pia mara nyingi data ya eSIM hizo huzungushwa hadi nchi nyingine kabla ya kufika kwenye intaneti, kwa hiyo kurasa hufunguka polepole, na baadhi ya tovuti hukuona kama uko mahali usipokuwapo. Kwa anayekaa zaidi ya siku chache, laini ya nchi husika ndiyo laini. Nenda na pasipoti yako, kwa kuwa nchi nyingi husajili laini kwa hati ya utambulisho, na hakikisha simu haijafungiwa mtandao mmoja.

MgeniNjiani
Ahsanteni sana. Nimeandika ile *#06# na EID imeonekana. Nitakaa kama mwezi mmoja, huenda ikazidi. Nchi yenyewe ningeomba nisiitaje kwa sababu za kifamilia, ila nadhani ushauri wa jumla unatosha.

FundiLaini
Hautoshi, ndugu yangu. Uturuki, kwa mfano, simu iliyotoka nje ikitumiwa na laini ya huko bila IMEI yake kusajiliwa hufungiwa baada ya siku 120. Marekani na Australia zimeshazima mitandao ya 3G, ya kwanza mwaka 2022 na ya pili mwaka 2024, hivyo simu isiyoweza kupiga kwa njia ya 4G inaweza kupata intaneti vizuri kabisa na ikashindwa kupiga simu ya kawaida. Sasa mimi nikushauri kwa nchi ipi? Taja walau bara.

MzigoMwepesi
Kabla hujamsikiliza MzeeWaMabegi, sikiliza yaliyonikuta kwenye kaunta ya uwanjani, kwenye nchi ambayo nami sitaitaja. Nilitua usiku, kaunta ilikuwa moja tu iliyo wazi, na mbele yangu kulikuwa na familia iliyokuwa inasajili laini za watu wote kwa pamoja. Kijana aliyenihudumia alichukua pasipoti yangu, akaipiga picha kwa simu yake, akachokonoa nafasi ya kadi kwa kipini, akatoa laini yangu ya nyumbani na kuitia kwenye kifuko kidogo cha plastiki, akaweka mpya. Minara ikajaa, akanionyesha ukurasa mmoja ukifunguka, akamwita anayefuata. Risiti aliyonipa ilikuwa na kiasi nilicholipa, bila jina langu wala namba ya laini.

Kesho yake mchana, nikiwa katikati ya mji ambao siujui, mtandao ukakatika. Ulitangulia ujumbe wa lugha ya huko, na sikuwa na intaneti ya kuutafsiri. Nikatembea hadi nikaipata ofisi ya kampuni ile, wakatazama kwenye mfumo wao na kuniambia kwamba laini yangu imesajiliwa kwa pasipoti ya mtu mwingine kabisa, kwa hiyo imezuiwa, na wao hawawezi kuigusa kwa sababu kaunta ya uwanjani ni ya wakala. Nirudi kwa wakala. Wakala naye akasema aliyenihudumia hayupo zamu. Katikati ya hayo benki yangu ikataka kuthibitisha malipo ya chumba, ikatuma namba ya siri kwenye laini iliyokuwa ndani ya kifuko cha plastiki, nami sikuwa na kipini cha kufungulia simu. Nilinunua laini nyingine ofisini, kwa fedha yangu. Ile ya kwanza haikurejeshwa hadi naondoka.

MzeeWaMabegi
Pole sana, kaka. Lakini huo ni uzembe wa wakala mmoja. Usingeondoka hapo kaunta bila kuona jina lako kwenye skrini ya usajili, na bila kupiga simu moja na kupokea moja.

MzigoMwepesi
Skrini ilikuwa upande wake, mzee, na kwa maandishi nisiyoyasoma. Msafiri aliyetoka kwenye safari ndefu hana nguvu ya kukagua kazi ya mtu.

TarishiPole
Naona romingi imesahaulika kabisa, na mimi ninaitetea kwa zile saa za mwanzo. Ukitua, laini yako iko hai, mwenyeji anakupata kwa namba anayoijua, na huhitaji kuongea na kaunta yoyote. Nunua kifurushi cha romingi cha muda mfupi kabla ya kuondoka, kikufikishe kulala, kisha kesho yake utafute laini mjini ukiwa umepumzika. Kwa wenye laini za nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2017 hutumia laini hizo ndani ya Umoja huo kwa gharama za nyumbani ndani ya matumizi ya kawaida, na hao hawana haja ya mjadala huu wanapozunguka humo. Kinachoumiza ni romingi bila kifurushi, na zaidi ya hapo ni mitandao ya ndani ya ndege na meli inayopitia setilaiti, ambayo mara nyingi haimo kwenye kifurushi chochote. Simu ibaki katika hali ya ndege hadi mguu wako ukanyage ardhi.

DadaRatiba
Hapo tunakubaliana kwa sehemu. Hata ukichagua eSIM, usiitoe laini ya nyumbani. Iache, zima data yake, ibaki kupokea ujumbe mfupi. Kampuni nyingi hazitozi kupokea ujumbe mfupi ukiwa nje, ingawa kupokea simu mara nyingi hutozwa, na baadhi hutaka romingi iwashwe kabla hujaondoka. Kwa njia hiyo namba za siri za benki zitakufikia, na WhatsApp itaendelea na namba yako ya zamani. Ikikuuliza kama umebadilisha namba, ikatalie.

Kivukoni
Mbona mnahangaika hivyo? Viwanja vingi vya ndege vina waifai ya bure. Mtu anatua, anaunganisha, anamwandikia mwenyeji, basi.

FundiLaini
Waifai hiyo hiyo katika baadhi ya viwanja hukutaka uingize namba ya simu ili utumiwe msimbo wa kuingia, na wewe ndiyo kwanza huna laini inayofanya kazi. Na ukishatoka mlangoni kwenda barabarani, inakatika wakati dereva bado anakutafuta.

MzigoMwepesi
Tena mtu asifungue benki kwenye waifai ya uwanja. Ni hatari.

Kivukoni
Hilo limekuzwa, kaka. Siku hizi tovuti na programu za benki husimba mawasiliano yake, hivyo aliyekaa pembeni hasomi nywila yako hewani.

FundiLaini
Kusimbwa ni kweli. Lakini mtu akiweka mtandao wenye jina linalofanana na la uwanja, na ukurasa wa kuingilia unaodai barua pepe, nywila na kadi ya benki, usimbaji hautakusaidia, kwa sababu utakuwa umempa mwenyewe. Ukurasa wa waifai ya bure ukiomba kadi, funga.

TarishiPole
Tumetoka kwenye laini tukaingia kwenye benki. Mleta mada bado yupo? Pakua ramani ya mji wote ukiwa nyumbani, nayo itakuonyesha ulipo hata bila intaneti, kwa kuwa GPS haihitaji laini. Anwani ya unakolala iandike kwenye karatasi kwa lugha na maandishi ya huko, umwonyeshe dereva.

MgeniNjiani
Nipo, ninawasoma wote. Ninaelekea kwenye eSIM ya siku chache, kisha laini ya huko nikishatulia, ila maelezo ya MzigoMwepesi yamenitia wasiwasi na ofisi zao. Kuna jambo sikulisema mwanzo: simu niliinunua ikiwa imeshatumika, na ikiwaka hutokea nembo ya kampuni ya simu nisiyoijua.

FundiLaini
Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo. Huenda imefungiwa mtandao huo, na kama imefungiwa, si eSIM wala laini ya uwanjani itakayokubali, hata kama EID unaiona. Weka leo laini ya mtu wa kampuni nyingine, uone kama inashika mtandao, kisha ufungue mipangilio utazame kama pameandikwa kuwa simu ina kizuizi cha laini. Ulete jibu hapa, pamoja na jina la nchi.

MzeeWaMabegi
Na kama imefungiwa, kuna simu ndogo za kupigia tu zenye nafasi ya kadi. Hakikisha tu inakubali 4G.

DadaRatiba
Simu ya kupigia tu itamwonyeshaje ramani, mzee?