Heliksi za katikati hazipokei dutiriamu: protini ni ngumu au imefichwa tu?

Mwanatando:
Wakuu, salaam. Wiki ya sita hii nimekwama. Nina protini ya bakteria inayopitisha sukari kwenye utando, yenye heliksi 12 (sehemu za mnyororo zilizojisokota kama springi). Naishikilia ndani ya sabuni ya DDM, naichanganya na maji mazito (yenye dutiriamu, haidrojeni nzito inayochukua nafasi ya haidrojeni ya kawaida kwenye protini) kwa sekunde 15, dakika 1, dakika 10 na saa 1. Kisha nazima mabadilishano hayo kwa asidi hadi pH 2.5 juu ya barafu, naikata kwa pepsini, peptidi (vipande vya mnyororo) zinaingia kwenye spektrometa ya tungamo zipimwe uzito.

Vitanzi vya nje vinajaa dutiriamu upesi. Heliksi za katikati hata baada ya saa nzima zimelala kama gogo. Msimamizi wangu anataka tuandike kwamba kiini cha protini hakitikisiki. Moyo wangu unakataa. Kitu kinachofungua upande mmoja na kufunga mwingine kila kinapopitisha sukari, kitakosaje kutikisika? Halafu peptidi nilizopata zinafunika asilimia 54 tu ya mnyororo, na mapengo karibu yote yako humo humo utandoni.

Barafu0:
Usiandike hivyo, nakusihi. Ili haidrojeni ya amaidi (ile ya uti wa mnyororo wa protini) ibadilishwe, lazima kifungo chake cha haidrojeni kifunguke na maji yafike pale. Katikati ya sabuni au lipidi maji hayafiki. Heliksi inaweza kuinama yote kwa pamoja, kama mlango kwenye bawaba, vifungo vyake vyote vikiwa vizima, nawe usione hata dutiriamu moja. Ukimya wa heliksi unakuambia maji hayajaingia, basi.

Linganisha hali mbili: protini peke yake, na protini yenye sukari. Tazama ncha za heliksi, ule ukingo ambapo maji hukutana na utando. Mlango wa nje ukifunguka, peptidi za upande wa nje zitapokea zaidi na za upande wa ndani zitapungua. Pande mbili zikienda kinyume namna hiyo, umeshauona mwendo. Mimi naiamini tofauti ya namna hiyo kuliko grafu yoyote ya hali moja.

Kolamu_Safi:
Nije kwenye hiyo 54. Pepsini peke yake huhangaika na heliksi zinazopenda mafuta. Ongeza yurea au guanidini, za kukunjua protini, kwenye bafa ya kuzimia, na ujaribu kimeng'enya kingine kinachostahimili asidi. Nepenthesini, ile ya mmea unaokula wadudu, hukata mahali ambapo pepsini hupita tu. Kama kuna vifungo vya salfa, TCEP, kemikali ya kuvivunja, hufanya kazi hata kwenye pH hiyo. Ila fanya haraka: kuanzia pale ulipozima, dutiriamu inavuja kila dakika, hata kwenye nyuzi sifuri. Andaa sampuli iliyojazwa dutiriamu kikamilifu ujue umepoteza kiasi gani.

Siku ukihamia nanodiski (vipande vidogo vya utando wa lipidi badala ya sabuni), ondoa lipidi kabla ya kolamu, lile bomba la kutenganishia peptidi. Koleti huvunja diski, chembe za zirkonia hunasa fosfolipidi. Nilipuuza hilo mara moja, kolamu ikaziba na sampuli ya mwezi mzima ikaenda.

Mwanatando:
Ahsanteni sana. Kuna jambo sikulitaja. Peptidi moja ya heliksi ya 7 ina vilima viwili vya isotopu kwenye grafu ya uzito ya dakika 10. Cha uzito mdogo kinapungua kadiri muda unavyokwenda, cha uzito mkubwa kinakua, na hakuna kinachosogea. Ni EX1 kweli?

Barafu0:
Sura ni ya EX1: sehemu hiyo inafunguka na kubaki wazi kiasi cha haidrojeni zote kubadilishwa kabla haijajifunga. Lakini kwanza pitisha sampuli tupu, isiyo na protini. Peptidi iliyoganda kwenye kolamu ya pepsini kutoka mzunguko uliopita hupoteza dutiriamu yake, kisha hutokea kama kilima cha uzito mdogo. Ikiwa safi, rudia kwa pH iliyopanda kidogo. EX2, ambapo sehemu hufunguka na kujifunga mara nyingi kabla ya kubadilishwa, itaongeza kasi, takriban mara kumi kwa kila hatua moja ya pH. EX1 haitajali, mradi protini yenyewe haibadiliki.

Mwanatando:
Nimepitisha tupu mara tatu. Peptidi mbili za vitanzi zilikuwa zimebaki kidogo, ya heliksi ya 7 haimo kabisa. Nimeosha kolamu, nimerudia dakika 10, vilima viwili vipo pale pale. Nimemwonyesha msimamizi, ile sentensi ameifuta mwenyewe. Kesho naanza na pH, kisha sukari.