Mrejesho: wati za birika la mama

Asalaam aleikum. Juzi niliuliza nitajuaje wati za birika la umeme la mama, hapa Wete, maana maandishi yake yashafutika. Nimepima likichemsha: volti 220, ampea 5. Nikizidisha napata wati 1,100. Nikigawa volti kwa ampea, napata ukinzani, yaani jinsi waya wa birika unavyozuia umeme, omu 44. Nikalichomoa, likapoa, mita ikasoma omu 43 na kitu. Nilifurahi kama mtoto siku ya Idi!

Kilichonichekesha ni magharibi, umeme ulipolegea hadi volti 200. Ampea zikashuka hadi 4.5, wati kama 900 tu. Kumbe ndiyo maana chai ya futari huchelewa, na mama miaka yote analaumu maji ya kisima. Nimemwambia, hajakubali.