Naombeni watu wa historia wa kuwasimulia wanangu, wa hapa kwetu hata wa mbali

MamaKiborloni
Wadau habari za jioni. Nina watoto wawili, mmoja la tano mwingine la saba, umeme ukikatika huwa nawapigia stori za watu wa zamani sasa zimeniishia. Nyerere tayari, Mkwawa nae tayari, ile ya fuvu lake kurudishwa 1954 wameniomba nirudie mara tatu. Nitajieni wengine, enzi yoyote nchi yoyote, ila awe na kisa ambacho mtoto hata akilala anaendelea kukiwaza.

MzeeWaKidia
Binti yangu uko Kiborloni halafu unatafuta mbali? Waanzie Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi. Alirithi kiti cha baba yake Rindi mwaka 1891 akiwa bado kijana kabisa, mwaka uliofuata Wajerumani wakampandishia jeshi akalipiga likarudi mbio na kamanda wao von Bülow akafia huku huku mlimani. 1893 wakarudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga pale Tsudunyi, Old Moshi, watu 19 siku moja, wakiwemo Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Kichwa chake kikakatwa, na wazee wetu wanasema kilipelekwa Ujerumani, ukoo umekitafuta miaka na miaka. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba kwenye mafuvu yaliyohifadhiwa kule Berlin vikapata fuvu la akida wake, ndugu zake wapo hai huku huku. La Meli mwenyewe bado. Mimi nikipita pale navua kofia.

ChaliiWaSakina
Shkamoo mzee, hiyo imenigusa sana. Mama muongezee Njinga wa Angola, mwaka 1622 kaka yake mfalme alimtuma Luanda kuongea na gavana wa Kireno, inasimuliwa alikuta kiti kimoja tu cha gavana yeye kawekewa mkeka, basi akamwambia mtumishi wake apige magoti akamkalia mgongoni wakaongea macho kwa macho!! Baadae akawa malkia akapigana nao miaka mingi, kafariki 1663 akiwa na kama miaka 80.

BintiSoweto
Siti binti Saad jamani msimsahau. Mtoto wa Fumba, Unguja, familia ya wafinyanzi, akitembeza vyungu mtaani kwa kuita na sauti yake ndio iliyomtoa. 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili na hakuwa anajua kusoma, nyimbo zote zilikaa kichwani. Kwa watoto wa kike hiyo ni dawa.

MamaKiborloni
Marahaba zote kwa mzee, asanteni sana. Jana nimewasimulia Meli, yule wa la tano akanyamaza muda mrefu halafu akauliza, "mama, huko kwenye kabati walimwandika jina au namba?" Nimekosa jibu. Mzee, Jumamosi napanda nao Tsudunyi, kama upo nyumbani tungependa uwasimulie wewe mwenyewe.