Mafundi umeme mnaoruka ethi, mnatuua huku mmeshalipwa

Wakuu, nina hasira, nivumilieni.

Nimehamia nyumba ya kupanga huku Kimara, kodi ya miezi sita imeshaliwa. Vigae vinang'aa, jipsamu ina taa za rangi. Sasa fungua koki ya bafuni: inakutekenya mkono. Ukiwa umekanyaga maji, inakupiga hasa. Nikampigia mzee mwenye nyumba. Jibu lake: "Kijana, oga na ndala, wenzako wote wanaoga hivyo."

Ndala!

Nikaleta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kafungua soketi ya kwanza, nyaya mbili tu, pa ethi, waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, patupu. Ya pili, yule aliyefunga kajifanya mjanja: kachukua kipande cha waya akaunga nyutro (waya wa kurudisha umeme) na ethi humohumo. Siku nyutro ikikatika huko nyuma, ganda la friji linabeba volti 230 na watoto ndio wafunguaji wakubwa wa friji. Nje kuna waya wa kijani unaingia ardhini, unapendeza kweli. Tukaufukua. Fimbo ya shaba hakuna, waya umechomekwa mchangani kama mche wa muhogo.

Hita ya bafuni ni ya wati 5,400. Gawanya kwa 230, unapata zaidi ya ampia 23. Imefungwa kwa waya wa milimita za mraba 1.5, ambao ni wa taa! Inaonekana breka, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, ilikuwa inaanguka, wakaweka ya ampia 40. Ni kweli haianguki tena, kitakachoungua ni waya ndani ya ukuta. Nimeizima, tunaoga maji ya ndoo.

Na asije mtu hapa na "si kuna breka". Breka inalinda waya, hailindi mtu. Miliampia 30 tu zikipita kifuani zinaweza kukuondoa, na breka ya ampia 32 wala haitastuka. Anayestuka hapo ni RCD, swichi ya kukata umeme ukivuja, ile yenye kitufe cha T, na kwangu haipo.

Mliopanga, leo usiku zimeni taa mwangalie. Taa ya LED ikibaki inameta kwa mbali, huenda swichi imekata nyutro badala ya laivu, waya wenye moto. Giza limeingia lakini holda bado ina moto, na wewe unapanda kiti kubadilisha taa ukijua umezima. Chumbani kwangu ndivyo ilivyo.

Mzee anasema nikitaka nirekebishe kwa hela yangu, na kwenye kodi haikatwi. Kuna aliyewahi kumbana mwenye nyumba kwa jambo hili? Ulianzia serikali ya mtaa au wapi?

Na nyie mafundi wa humu, msipite kimya. Ile fimbo ya ethi mnayoiandika kwenye orodha ya vifaa, tukawapa hela yake, huwa inaenda wapi?